Betri Juani, Pamoja na Ndimu

Jana kitinda mimba wangu kaniletea simu niione. Kaandika mlinganyo wa hesabu, simu ikachora mstari uliopinda kama bakuli, majibu yakatoka. Mwalimu wao ndiye aliyewafundisha. Bakuli lile, sahibu yangu, nalijua.

Mjomba alikuwa akija kutoka Maskati na vitu vya ajabu. Mwaka ule alileta udi, doti za kanga, na kalkuleta yenye kioo kipana. Ukiandika x mara x, toa x tano, jumlisha sita, inakuchorea bakuli linalokata mstari wa chini pawili: kwenye mbili na kwenye tatu. Hayo ndiyo majibu. Mimi niliyelizwa na aljebra mwaka mzima, siku ile nikaiona, kama unavyomwona mtu kasimama mlangoni.

Tabu ilikuwa betri. Zikichoka, bibi akizianika paani pamoja na ndimu zake za achari. Jioni zinafufuka kidogo. Achari ile, nikwambie, hakuna tena anayeijua. Siku hizi wanatia siki tu, wakaita achari.

Nilikuwa nasema nini? Naam, mtihani. Wa kupanda kidato cha tatu. Mashine niliiacha nyumbani. Likaja swali lile lile la x tano na sita. Nikafumba macho, nikalichora bakuli kwa mkono wangu, nikaandika mbili na tatu. Mwalimu wa hesabu akanipa sifuri, akasema mbele ya darasa kuwa nimeibia.

"Nimeibia kwa nani, mwalimu, na betri ziko juani?"

Darasa likacheka. Hapo ndipo nilipojichongea.

Bibi akavaa buibui, akaenda mwenyewe kumuuliza mwalimu kakosa nini mtoto aliyeiona hesabu kwa macho yake.

"Bi mkubwa, hesabu haionwi. Hesabu hufanywa."

Wala hakumpa kiti. Bibi yangu, mtu mzima yule, akasimamishwa kizingitini kama muombaji. Hilo sijalisamehe, na bakuli lile leo wanalifundisha wenyewe.

Sikupanda. Nikabaki nyumbani kupaka ndimu chumvi.

Nyumba ile sasa hoteli. Pale paani wageni wanakunywa juisi, wala hawajui kuwa kila asubuhi bibi alikuwa akipanda na betri zile mkononi, akisema huenda shule wakaniita, siku hiyo isije ikazikuta zimelala. Akazianika mpaka zikavuja, ndimu za upande ule zikatupwa.

Hawakuniita.