Pale Alipopaonyesha Mama Winfrida

Newala watu wakitaja gari la Mama Winfrida mpaka leo wanatikisa kichwa, na mimi nikiwasikia huwa natafuta kazi ya kufanya chini ya boneti lolote lililo karibu. Mimi ni Gervas, fundi umeme wa magari hapa Masasi. Wanaomjua mama huyo kwa msiba ule hawamjui. Anayemjua ni mimi, na nina sababu zangu za kutopenda kusema.

Jina lake hasa ni Paulina. Alikulia Lulindi, akapika chakula misheni kwa miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza kuendesha gari. Dereva wa misheni alikuwa mtu wa malaria za kila mwezi, na kila alipolala kitandani, akina mama wa vijijini walikaa juani na watoto mgongoni wakingoja chanjo isiyokuja. Paulina akamwambia yule dereva, nifundishe. Watu wakaona kioja, mpishi wa kike kushika usukani. Yeye hakuona kioja, aliona watoto hawajachanjwa. Ndivyo alivyo: mrefu, mkavu, hapandishi sauti, na ukimdanganya anakutazama tu usoni mpaka umalize.

Aliolewa Newala, mume akafa mapema, akabaki na mikorosho yake na binti mmoja, huyo Winfrida. Newala ni mji mzuri. Una upepo, una ofisi, una soko. Maji hauna. Ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma chini kabisa, maji yako kule na wewe uko huku, na pampu zikifa wakati wa kiangazi ndoo moja inakuwa habari ya mtaa mzima. Msiba ukitokea siku kama hizo, swali la kwanza ni nani atafuata maji. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Mama Winfrida. Yeye Mkristo, lakini hata kwa Waislamu ndiye aliyewaongoza wanawake kushuka bondeni na ndoo na kuzipandisha, na hakuna maiti aliyewahi kumsubiri akamkosa. Heshima yake Newala ilikuwa hiyo.

Miaka ya tisini ilipoanza, biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao kugombania korosho. Mama Winfrida akauza mavuno ya misimu miwili, akanunua Landrova kuukuu isiyo na injini, kisha akaagiza Dar es Salaam injini ya Toyota, mtumba wa Kijapani. Alipanga kwamba asubuhi atashusha abiria Masasi, akirudi atabeba mapipa ya maji. Wanaume wa Newala walimcheka, lakini walimcheka kwa mbali.

Mwenzangu aliifunga injini ile kwenye Landrova kwa nyundo na matusi, ikakaa. Ikabaki kazi yangu ya umeme, na hapo ndipo penye kiboksi. Injini za zamani zilikuwa na pointi. Zikichafuka unazisugua kwa msasa, safari inaendelea. Hizi za Kijapani zina kiboksi cha bati, kidogo kuliko kipande cha sabuni, ndicho kinachoiamuru koili itoe moto wa plagi. Kikifa, gari limekufa. Na kinaogopa vitu viwili tu: joto na maji.

Niliwaza siku nzima nikifunge wapi. Kwenye injini hapakuwa na nafasi, bomba la moshi lilipita karibu mno, lingekikaanga. Kando ya tairi kungekuwa na tope. Mwishowe nikavuta waya mpaka ndani, nikakifunga chini kabisa, nyuma ya kiti cha abiria. Pakavu, pana kivuli, mbali na joto. Nilijisifu. Nikawaita mafundi wenzangu waje kuona.

Mama Winfrida alifika wakiwa bado wamesimama pale. Nikamwamkia, "Shikamoo Mama." Akaitikia, akainama kutazama.

"Fundi, hapa ndipo ninapoweka mapipa."

"Najua, Mama. Hayatakigusa."

"Maji yanamwagika."

"Si utayafunika?"

Akanitazama kama mtu anayepima kama natania. "Pipa la wazi tunatia majani juu, maji yasicheze. Lakini mlimani yanacheza tu." Akanyoosha mkono, akagusa chini ya dashibodi, juu, upande wa kushoto. "Kwa nini usikifunge hapa?"

Palikuwa mahali pazuri. Hilo niliseme waziwazi: nilipaona papo hapo kuwa pazuri kuliko pangu. Pakavu, pana hewa, hata waya usingekuwa mrefu. Lakini wenzangu walikuwa wanasikiliza, na mmoja alikwisha kuanza kutabasamu. Nikasema, "Mama, wewe unajua maji, mimi najua umeme. Kila mtu na kazi yake." Wakacheka. Mimi nimezaliwa Masasi, hapa maji yako kisimani na bombani. Sikuwahi hata mara moja kupanda mlima ndani ya gari la maji, na nikamfundisha maji mtu wa Newala.

Hakubishana. Aliwasha gari, likawaka kwa kugusa tu, akaondoka.

Wiki sita lilifanya kazi bila neno. Nilikuwa nikiliona linapita sokoni nafurahi. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila jioni alikuwa akikifunika kile kiboksi kwa kitambaa na kipande cha nailoni, bila kumwambia mtu.

Oktoba, katikati ya joto, akafariki Bi Somoe, mama yake Mzee Fakihi, jirani wa Mama Winfrida. Alifariki adhuhuri. Pampu zilikuwa zimekufa wiki ya tatu, birika la msikitini kavu, majumbani kumebaki maji ya kunywa ya watoto. Ikasemwa maziko kesho baada ya Alasiri, na Mama Winfrida alete maji ya kumwoshea. Kwa kuwa anakwenda yeye, na ana gari, hawakutuma mtu mwingine bondeni.

Asubuhi yake nilikuwa barabarani Masasi natafuta usafiri, nimeitwa Newala kutengeneza lori la korosho. Mama Winfrida alikuwa ameshusha abiria, akanichukua. Akanieleza habari za msiba. Lulindi tukasimama kisimani, tukajaza mapipa mawili na ndoo mbili, akakata matawi akayatia juu ya maji, akakifunika kiboksi changu kwa nailoni yake. Nikaona haya kidogo, nikageuza macho.

Mlimani, baada ya kona ya pili, pipa la nyuma likateleza likagonga la mbele. Nikasikia maji yakimwagika nyuma ya kiti changu, mengi. Gari likakohoa mara mbili, likazima.

Saa yangu ilionyesha saa tano. Nilijua. Sikuhitaji kufungua chochote, nilijua kama mtu anavyojua jina lake. Nilichopaswa kufanya ni kusema, "Mama, ni kiboksi, nilikifunga pabaya," nikitoe, nikifute, nikianike juani. Huenda kingepona. Badala yake nikashuka nikafungua boneti.

Nikachomoa plagi, nikazipangusa. Nikagusa koili. Nikafungua kabureta, ambayo haikuwa na kosa lolote. Mama Winfrida alikaa kwenye usukani, nami kila baada ya muda namwambia, "Jaribu, Mama." Anajaribu. Na kila alipojaribu, umeme ulipita kwenye kiboksi kilicholowa, nikawa nakiua mwenyewe, kidogo kidogo, kwa amri yangu.

Saa sita akashuka akachukua ndoo. "Fundi, mimi naanza kupanda na ndoo moja. Wewe chukua ya pili."

"Mama, dakika tano tu. Linawaka hili."

Akaweka ndoo chini.

Saa saba akaichukua tena. Nikamwambia, "Mama, unateseka bure, nimeshaliona tatizo." Akasimama, ndoo mkononi, anatazama barabara na anatazama mikono yangu. Aliniamini. Mtu aliyejifunza gari misheni, anayesikia injini kwa sikio, aliniamini mimi kwa sababu niliitwa fundi. Gari jingine halikupita, si juu si chini.

Saa nane na nusu hakuniuliza tena. Alijifunga kitenge, akajitwika ndoo, akaanza kupanda. Ndoo ya pili ilibaki pale chini, mbele ya miguu yangu. Nilimwambia nabaki kulinda gari. Kulinda dhidi ya nani, mlima mzima hauna mtu? Sikutaka tu kutembea naye saa mbili na zaidi nikitazamwa usoni.

Alipotoweka kwenye kona ndipo nikakitoa kiboksi. Kilinuka. Kilikuwa kimekwisha.

Alifika Newala saa kumi na moja kupita. Hakuingia msibani, alikutana na waliokwenda kuzika, njiani wanarudi kutoka makaburini. Walikuwa wamesubiri mpaka Alasiri, wakasubiri tena, na joto lile lisingemruhusu Bi Somoe kulala usiku wa pili. Wakakusanya maji ya kunywa nyumba kwa nyumba, hayakutosha kitu. Shekhe akasema dini imeruhusu, akatayamamishwa. Mama yake Mzee Fakihi alizikwa kwa kupakwa vumbi, na mapipa yake ya maji yalikuwa mlimani mbele yangu, yana majani juu.

Magharibi wakashuka na lori, Mzee Fakihi na Mama Winfrida, kuja kulivuta gari. Nilimwamkia mzee, nikampa pole. Akaitikia kwa adabu, kisha akauliza, "Fundi, gari lilikuwa na nini?"

Mama Winfrida alikuwa amesimama pembeni yake. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

Nikasema, "Ni maji, Mzee. Mapipa yalijazwa kupita kiasi, yakamwagikia kiboksi cha umeme. Vile vitu havitaki maji."

Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana uongo ule ulikaa vizuri. Mzee Fakihi akamgeukia Mama Winfrida. Naye alikuwa amenitazama usoni mpaka nimemaliza, halafu akasema, "Samahani sana, Mzee. Nilijaza mno." Akaanza kufunga kamba ya kuvutia.

Usiku wote sikulala. Niliona aibu, na bado kulipokucha sikwenda popote. Nilikuwa na siku saba za matanga za kwenda kusema ukweli. Nilizipitisha zote nikichomelea waya za watu.

Wiki ya tatu alikuja gereji, gari limevutwa, ameshika kiboksi kipya ndani ya karatasi. Alingoja wenzangu waondoke kwenda kula.

"Msibani sikutaka kelele," alisema. "Hapa si msibani. Kiboksi kuungua sikulaumu, vyuma vinaungua. Lakini ungeniambia saa tano kwamba halitawaka, ningefika."

Nikasema, "Nisamehe, Mama."

"Si mimi niliyezikwa na vumbi. Nenda kwa Mzee Fakihi."

"Nitakwenda."

"Haya." Akanipa kiboksi. "Kifunge unapoona panafaa. Wewe ndiye fundi."

Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nikakifunga chini ya dashibodi, juu, upande wa kushoto. Alilipa, akaniaga, akaondoka.

Sikwenda. Wiki hiyo nilikuwa na kazi nyingi. Iliyofuata mvua. Baadaye nikasikia kwamba kiangazi kile kile alifariki mtu mwingine Newala, na watu walitumwa kwa miguu bondeni huku gari la Mama Winfrida limeegeshwa nyumbani kwake, zima kabisa, linawaka. Msiba mwingine ukaja, ikawa hivyo hivyo. Yeye alikwenda na ndoo yake, nyuma ya wengine, bila kuitwa. Gari akaligeuza la kubebea korosho.

Mwaka uliofuata, siku ya soko, Mzee Fakihi alikuja mwenyewe gereji. Alikuwa amenunua pikapu iliyobadilishwa injini, Toyota vilevile, na waya zake zilikuwa zinaning'inia. Nikajua Mungu ameniletea mtu mlangoni, sina tena mlima wa kupanda.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, fundi. Nimekuja unifungie kiboksi. Nataka pale pale ulipokifunga kwa Mama Winfrida, chini ya dashibodi. Watu wanakusifu sana kwa pale mahali."

Nikafungua mdomo.

Akaendelea, kwa upole, kama mtu anayemsikitikia jirani yake. "Yule mama ni mtu mwema. Lakini mbishi, nasikia pale alipakataa. Laiti angekusikiliza tangu mwanzo, mama yangu angeoshwa."

Wenzangu walikuwa wanasikiliza. Alinisubiri niseme neno, nafasi ilikuwa kubwa, ilikuwa inatosha kabisa.

Nikasema, "Ingiza gari kivulini, Mzee."