Mjane Aliyesia Ulezi Juu ya Tuta

Nimeishia darasa la nne na sioni haya kulisema. Nimetunga michezo ya kuigiza saba na riwaya tatu, kwa mwandiko ambao binti anayenichapia pale Majengo anasema ni kuku kapita kwenye majivu. Acha aseme. Yeye anachapa, mimi natunga.

Kuigiza nilianzia kanisani. Kila Ijumaa Kuu nilikuwa Yuda, miaka kumi na mmoja, maana hakuna mwingine aliyekubali. Akina mama walinizomea mpaka sokoni. Nikajua kumbe kazi naiweza.

Sasa huyu mwalimu. Simtaji, mwenyewe atajijua. Alikuja kufundisha sekondari, mtoto wa mjini, suruali imenyooshwa pasi, akaanzisha kikundi cha maigizo. Nikampelekea daftari la mchezo wangu wa kwanza aninyooshee herufi. Ulikuwa mchezo wa mjane wa kijiji cha Mollo anayefukuzwa shambani na shemeji yake. Kabla ya kuondoka, mjane anabomoa matuta aliyofukia majani mwaka uliopita, anatawanya udongo, anasia ulezi, na huku anasema maneno fulani. Maneno hayo sikuyatunga. Aliyasema mama yangu siku tuliyofukuzwa sisi, nikiwa nimeshika shuka lake.

"Niachie wiki mbili, mzee wangu," mwalimu akasema.

Ikapita miezi minane. Kila nikimwuliza, daftari liko kabatini, ufunguo umepotea. Halafu nikasikia kikundi chake kitaonyesha mchezo kijijini Mpui, siku ya sherehe ya shule. Nikaenda, nikakaa mstari wa tatu. Mshereheshaji akatangaza: mtunzi ni mwalimu.

Nikaona mjane wangu akiingia, shemeji niliyemtunga akitukana matusi yangu. Ikafika ile sehemu ya mwisho. Msichana akatoa ulezi kwenye kibuyu, akaanza kuusia juu ya tuta. Juu ya tuta, zima, halijabomolewa! Kwetu hata mtoto anajua ulezi husiwa tuta likishabomolewa na udongo ukishatawanywa. Nadhani mwalimu aliona kubomoa matuta ni uharibifu, akasahihisha. Mpui nzima ikacheka. Wanaume walipiga mapaja. Bibi mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Mwanangu, nani kakufundisha kulima, mbuzi?"

Walikuwa wanacheka machozi ya mama yangu.

Nikasimama, nikapanda jukwaani na gumboti zangu. Nikamnyang'anya msichana jembe, kwa adabu, nikabomoa lile tuta la udongo wa kuletwa na toroli, nikatawanya, nikasia, na maneno ya mama nikayasema yote kwa sauti yangu mbovu. Kicheko kilikatika. Yule bibi akaanza kulia.

Mwalimu akaja mbio. "Mzee, shuka! Huu mchezo una mwenyewe!"

"Vizuri," nikamwambia. "Basi mwenyewe aendelee. Mjane akishamaliza kusia, anasema nini?"

Akafungua kinywa. Hakujua. Ukurasa wa mwisho sikuwa nimempa, nilikuwa bado nautunga. Yeye alikuwa amepanga kumalizia kwa wimbo wa shule. Watu wakamwangalia, wakaniangalia. Mwenyekiti wa kijiji akamwuliza taratibu, "Mwalimu, mbona umekuwa bubu?"

Mtu mwingine angetosheka hapo. Mimi sikutosheka. Zawadi ya utunzi shule ilishampa, na karatasi za shule bado zilikuwa na jina lake kama mtunzi. Ndiyo maana nikaandika riwaya. Katika ya kwanza yumo mwalimu mwenye suruali ya pasi anayeangukia shimo la choo. Katika ya pili anafukuzwa na mkewe na kurudishwa kwao akiwa na redio tu mkononi. Katika ya tatu anazikwa, na watani wanakataa hata kumtania, wanasema hana la kutaniwa. Watu wa Sumbawanga wamezisoma, wamezisomeana kwa sauti vilabuni.

Mwaka huu alikuja nyumbani. Amestaafu, nywele zimemtoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Mzee, wajukuu zangu wanaitwa watoto wa chooni. Naomba uniache."

"Nimekutaja wapi?"

"Kila mtu anajua ni mimi."

"Hata mjane, kila mtu anajua ni wa nani. Mbona karatasi hazijui?"

Nikamwekea karatasi na kalamu. Nikamwambia aandike mistari miwili tu: mchezo ule ni wa huyu mzee, mimi niliuchukua. Atie sahihi, mimi nitaipeleka shuleni, naye sitamgusa tena mpaka nife.

Aliandika mstari wa kwanza. Akasema ataomba ushauri kwa mwanawe kwanza, akachukua kofia yake, akaondoka.

Mstari mmoja si miwili. Riwaya ya nne nimefika ukurasa wa sitini. Yumo, na safari hii ana wajukuu.