Nishani Upande wa Kulia

Mtu hai hazikwi. Nilimwambia Julian usoni, na leo naandika asije akasema hakuambiwa.

Baba yake, Meja Hesketh, namshonea mwaka wa kumi na moja sasa. Anakaa mtaa wa Observatory hapa Johannesburg, cherehani yangu iko Yeoville, huwa anakuja kwa miguu. Alikuwa afisa wa mizinga katika jeshi la Waingereza. Kazi yake ilikuwa kutangulia na redio, alale kwenye matope karibu na adui, awaambie wenzake wa nyuma kombora liangukie wapi. Kwenye vita vya visiwa vya mbali huko kusini, adui walimzingira yeye na askari wake watano. Akaita mizinga ipige hapo hapo walipo. Walitoka wote sita. Nishani ya msalaba wa fedha aliipata kwa siku hiyo, na sikio lake la kushoto likafa siku hiyo. Baadaye akafundisha mizinga, akastaafu, akamfuata mkewe Johannesburg. Mke ameshatangulia mbele ya haki.

Kila Novemba wanajeshi wazee wana gwaride la kuwakumbuka wenzao. Analeta koti, nalipunguza kidogo, maana mwili unakwisha. Yeye ndiye aliyenifundisha: mwenye nishani huzivaa kushoto. Akifa, mwanawe huzivaa kulia.

Mwaka huu akaja nalo Julian kutoka Randburg, gari linanguruma mlangoni. "Fundi, nishani zihamishie kulia. Na koti lipanue linitoshe mimi. Jumapili nalihitaji." Akaondoka.

Innalillahi! Sikuuliza kitu; mfiwa hahojiwi mlangoni. Nilifumua, nikahamisha, kupanua nikakuacha kwanza, machozi yananidondokea kwenye kitambaa. Jirani yangu Zabibu akapika wali na maharage, tukajitanda kanga, tukaenda kutoa pole.

Mlango akaufungua Meja mwenyewe, na ndara zake.

Zabibu nusura aachie sufuria.

"Mama Luqman," Meja akasema, "umeniletea koti? Jumapili ni gwaride."

Julian akatokea nyuma yake, uso umemshuka. "Baba ameanguka bafuni wiki iliyopita. Nitakwenda mimi kwa niaba yake. Ni koti tu, mama."

"Koti tu? Umeniliza kwa mtu anayekula uji wake kila asubuhi!"

"Hawezi kusimama saa nzima."

"Si akae! Viti vimekwisha Johannesburg? Yeye umemuuliza?"

Kumbe hakumuuliza. Basi nikasogea kwenye sikio zima la Meja, nikamwambia yote, nishani na kulia na kupanua. Akamgeukia mwanawe.

"Julian," akasema, "niliita mizinga juu ya kichwa changu mwenyewe. Siku nikifa nitakuarifu."

Zabibu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilirudi mbio dukani, nikaleta koti, nikafumua pale pale mezani kwao kwa wembe, nikashona kushoto, uzi mara mbili. Julian akasema uzi huo utaharibu kitambaa. Nikamwambia anyamaze.

Chakula cha msiba hatukurudi nacho. Marehemu alikula sahani mbili. Ya Julian sikuipakua.

Jumapili Meja alikwenda kwa kiti cha magurudumu, nishani zinang'aa upande wake wa kushoto. Kiti alikisukuma Julian, kifua bila nishani. Nilisimama kando ya barabara kuhakikisha.