Mahali Ulipopita Mto

Kila mwaka nawafundisha watoto wa darasa la nne somo lile lile: wilaya yetu iko magharibi ya jiji kuu, ina vilima, machimbo ya mawe na mito mitatu, na mmoja wa mito hiyo ndio mpaka wetu na jiji. Wanaimba majibu bila kufikiri, nami siwalaumu. Kitabu hakisemi kwamba majengo ya kwanza ya jiji yalisimamishwa kwa mawe yetu, wala kwamba jiji lilipotosheka na mawe lilirudi kuchukua ardhi. Pia hakisemi kwamba mto wa mpakani ulihama. Hilo linamhusu mjomba wangu, na nalijua kuliko ninavyopenda.

Mjomba alikuwa msaidizi wa wapima ardhi kwa miaka thelathini na mmoja. Alifyeka njia, akashika ncha ya futi kamba, akachimbia mawe ya mpaka na kuyamwagia zege. Watu walimwita Futi, na jina likamkaa, maana alikuwa mfupi na mnyoofu. Hata nyumbani, meza ikisogezwa kidogo, atauliza nani kaisogeza. Alijivunia jambo moja tu: hakuna jiwe alilochimbia yeye lililowahi kukutwa mahali pasipo pake. Alitusimulia hayo mpaka tukapiga miayo.

Dada yake, yaani mama yangu, alikaa karibu na mto katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kidogo kidogo baada ya kufiwa na baba. Hati yake ilitolewa na wilaya. Kisha jiji likataka mpaka upimwe upya. Maandishi ya zamani yalisema mpaka ni mto kama ulivyopita siku zile, na kumbe mjomba alipokuwa na miaka tisa yalikuja mafuriko, mto ukaacha njia yake ukachimba nyingine upande wa mashariki. Katikati ya njia hizo mbili ziliota nyumba arobaini, ya mama ikiwemo. Njia ya zamani ikipatikana, nyumba zote zinaangukia jijini, na jiji lilikwisha kuchora barabara pale pale.

Wapima walizunguka siku nne wakiuliza. Wazee wote walisema hawakumbuki. Siku ya tano mkuu wao akamgeukia mjomba kwa utani.

"Futi, si wewe ni mtu wa huku? Au na wewe umesahau?"

"Mimi nisahau mto niliochotea maji?" mjomba akasema, akatangulia.

Aliwapeleka mpaka kwenye bonde kavu lililojaa nyasi, akawaonyesha hata jiwe ambalo mama alikuwa akifulia nguo utotoni. Hakuwaza zaidi ya hapo. Aliulizwa kitu anachokijua, akajibu. Kazi ilipokwisha alipita kwa mama kunywa maji, uso umemchangamka, akamwambia mpaka umepatikana.

"Nani kawaonyesha?" mama akauliza.

"Mimi."

Mama akamjazia kikombe tena.

Baada ya mwaka na miezi zikachorwa alama nyekundu ukutani, kisha likaja tingatinga. Mama aling'oa milango yake minne mwenyewe akahamia nayo kwa mjomba. Milango ile ikaegemezwa ukutani kwenye ujia, na kila anayekwenda chooni lazima apite kiubavu. Mjomba alimwachia mama chumba chake, yeye akalala sebuleni kwenye kochi. Mama hakumlaumu hata siku moja. Alimpakulia chakula vizuri, kisha akachukua sahani yake akaenda kula jikoni.

Mwaka wa pili mjomba akashindwa kuvumilia. Nilikuwepo, mama anachambua mchele.

"Dada, si ungeniambia tu?"

"Tulikaa watu wazima wote tukakubaliana kusahau," mama akasema bila kuinua macho. "Mmoja akauliza, Futi ataambiwa na nani? Nikasema huyo ni mdogo wangu, yeye hana haja ya kuambiwa."

Mjomba alirudi sebuleni. Siku ile niliwakasirikia wote wawili, na hasira hiyo haijanitoka.

Mwaka jana, mjomba amekwisha kustaafu, walikuja wapima wengine, vijana. Walikuwa wanaendeleza mpaka ule upande wa kaskazini, na huko nako kuna nyumba kama sitini zilizo kati ya njia mbili za mto. Walimkuta amekaa barazani.

"Shikamoo, mzee. Faili linasema wewe ndiye uliyeonyesha njia ya zamani. Huku juu mto ulipita wapi?"

"Marahaba. Sikumbuki."

"Mbona kule chini ulikumbuka?"

"Kule nilidanganya. Nilitaka kumfurahisha mkubwa wangu. Andika hivyo, nitatia sahihi."

Kijana alimtazama, kisha akaandika. Mjomba akaisoma karatasi neno kwa neno, akasahihisha tarehe iliyokosewa, akatia sahihi.

Mama alikuwa dirishani, amesikia yote. Mchana ule alipakua chakula kama kawaida, ila safari hii alichukua sahani yake akaja kukaa kwenye kochi, karibu na mdogo wake.

"Kula," akamwambia.

Mjomba hakukigusa chakula. Alikuwa analia, na mama hakumnyamazisha.