Mama Vipira na mpira namba nne

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande bado haujakauka, Mama Vipira anakatiza uwanja wa mazoezi ya gofu na ndoo mbili mkononi. Anainama, anaokota, anainama tena. Kila baada ya mipira kumi hivi anaushika mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, anaubinya, anautazama, anatikisa kichwa na kuutupa ndooni.

Mwandishi wa makala haya alimwuliza anatafuta nini.

"Ulaini," anajibu bila kusimama. "Tangu jana nimebinya mipira hadi kucha zinauma, na yote migumu. Sasa niambie wewe uliyesoma, hao wanaosema mpira laini, wanaubinya na nini?"

Kabla ya asubuhi hiyo mwandishi alidhani mpira wa gofu ni mpira wa gofu, kama yai lilivyo yai.

Mama Vipira, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mwosha mipira na muuzaji wa kaunta ya klabu hiyo kwa mwaka wa tisa sasa. Kila asubuhi huokota mipira ya mazoezi ipatayo mia sita na kuiosha kwenye mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la maji matupu. Kuanzia saa mbili huketi nyuma ya kabati la kioo akauza glavu, vijiti vya kuwekea mpira, na mipira mipya. Mshahara wake ni wa kuosha. Kinachosomesha binti zake wawili ni ile sehemu moja ya kumi anayopata kwa kila boksi analouza.

Kaunta hiyo sasa iko hatarini. Barua ya katibu wa klabu, ambayo ameibandika ndani ya mlango wa kabati, inamtaka achague aina moja tu ya mpira, "laini na wa bei nafuu", kwa ajili ya wachezaji wa kawaida wa Jumamosi. Klabu itaagiza maboksi themanini. Miezi mitatu ikipita na zaidi ya nusu yamebaki kabatini, kaunta itapewa kampuni ya vifaa vya michezo, nayo itakuja na muuzaji wake. Jibu lilitakiwa Ijumaa, na asubuhi hii ya ndoo ilikuwa Jumanne.

"Mtu akisikia anadhani nimepewa heshima," anasema. "Nimepewa mtihani, na kitabu chenyewe sijakifungua."

Alianza kwa kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Msambazaji wa kwanza alimwambia mpira laini huenda mbali. Wa pili akaapa kwamba mpira laini hauendi popote, ila hutulia vizuri ukifika karibu na shimo. Mwalimu wa gofu wa klabu akasema wote wawili wako sahihi, inategemea kilicho laini ni kiini cha ndani au ganda la nje. Mpira wa ganda laini ni ghali. Wa kiini laini hupatikana hata kwa bei rahisi, na ndio unaowafaa wasio na nguvu nyingi za kupiga.

"Nikamwuliza, basi mchezaji akitamka laini anasema ganda au kiini? Akaniambia mchezaji mwenyewe hajui. Nikabaki hoi."

Pengine angetoka salama hapo kama asingeongeza swali moja dogo. Alimwuliza mwalimu aagize namba ngapi.

Kila mpira wa gofu huchapwa namba, mara nyingi kuanzia moja hadi nne. Mjomba wake, aliyekuwa na kaunta hiyo kabla yake, alimfundisha kwamba namba ni kipimo cha ugumu: moja ni jiwe, nne ni laini. Kwa miaka tisa Mama Vipira amekuwa akifungua maboksi, akipanga mipira kwenye vikapu vinne, akiwauzia vijana wenye misuli namba moja na wazee namba nne. Hajawahi kurudishiwa hata mmoja.

Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta. Namba haina habari na ugumu, alimweleza. Imewekwa ili wewe na mwenzako mkiwa na mipira ya aina moja, kila mtu aujue wake.

"Niligeuza ndoo nikakaa," anasema Mama Vipira. "Mimi miaka tisa, mjomba ishirini. Watu wazima na akili zao wanakuja wananiambia nipe nne, ile tatu imenichoma mkono. Walikuwa wanasikia nini?"

Kati ya wote hao, aliyemkosesha raha zaidi ni Sista. Huyu ni muuguzi mstaafu wa miaka sitini na saba, na jina hilo la wodini limemfuata hadi uwanjani. Miaka minne iliyopita alifika na bendeji kwenye kifundo cha mkono, akisema anaacha mchezo. Mama Vipira akampa namba nne. Bendeji ikatoka mwezi uleule, na tangu hapo ukimpa Sista namba nyingine hapokei, ng'o.

"Kama namba ni bure, nilimponya na nini?" anauliza. "Na kama sikumponya, mbona alipona?"

Jumatano aliamua kuacha kuipima mipira, akawapima watu. Alichukua sampuli za aina tatu, ya ghali, ya kati na ya rahisi. Akafunika majina kwa rangi nyeupe, kisha akaweka nukta kwa rangi ya kucha ya binti yake mkubwa: nyekundu kwa ya ghali, waridi kwa ya kati, zambarau kwa ya rahisi. Akawaomba wachezaji wanane wapige bila kujua bei.

Matokeo yamo kwenye daftari lake, na mwandishi ameyaona kwa macho yake. Dereva wa lori alisema nyekundu ni laini kuliko yote. Mhasibu alisema nyekundu ni kokoto. Fundi wa friji aliisifu zambarau ya kwanza na kuiponda zambarau ya pili, na zote mbili zilitoka boksi moja. Mwishoni nyekundu ilipata kura tatu, waridi tatu, zambarau mbili.

"Hata wakichagua kiranja darasani, mshindi hupatikana," alisema akilifunga daftari.

Mhasibu yuleyule alimshauri achukue mpira wa ghali amalize kazi, kwani rahisi ghali. Mama Vipira hakukubali. Wahenga waliosema hivyo, alimjibu, hawakupoteza mipira minne bwawani kila Jumamosi.

Alhamisi, mwandishi aliporudi, Sista alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Mama Vipira angeweza kunyamaza. Anakiri kwamba aliwaza kunyamaza, tena sana, kwa sababu Sista ni mteja wake wa kuaminika kuliko wote, na akikasirika klabu nzima hujua kabla ya saa sita. Lakini aliona aibu kumtazama usoni. Alimwamkia, akampa kiti, akamwambia yote: namba, mjomba, na jinsi mwalimu alivyocheka.

Sista aliegemeza fimbo yake kwenye kabati.

"Kwa hiyo ulinidanganya, mwanangu?"

"Sikujua, mama. Nilidanganywa kwanza mimi."

Hapo muuguzi akarudia kazi yake ya miaka thelathini: akaanza kuhoji. Siku ile ya kwanza, alipompa mpira, alimwambia nini? Mama Vipira akakumbuka. Alimwambia alichowaambia wote wa namba nne, kwamba mpira huu ni laini, hautaki nguvu, uguse tu utakwenda wenyewe.

"Basi ni hapo," alisema Sista. "Nilikuwa nakamua fimbo kama nakamua shuka. Uliposema hautaki nguvu, nikaacha kukamua. Kifundo kikapumzika."

Walikwenda wote wawili hadi ukingo wa bwawa, mwandishi nyuma yao. Safari hii Mama Vipira alimtajia Sista bei ya kila mpira kabla hajaupiga. Aliposikia bei ya nyekundu, mabega yalipanda na vidole vikakaza kwenye fimbo. Mpira ukaingia majini. Waridi nayo ikafuata njia hiyohiyo. Zambarau hakuitazama mara mbili. Alipiga huku akiendelea na habari za jirani yake, na mpira ukavuka.

Walirudia mara tatu. Mara moja zambarau nayo ilizama, na Sista akaishia kucheka. Mama Vipira hakuwa akiangalia mipira hata kidogo, alikuwa akiangalia mikono.

"Hapo nilielewa," anasema, kisha anasita. "Au nadhani nilielewa. Mtu akiogopa kuupoteza anakaza mkono, na mkono uliokaza utasema mpira mgumu hata ukipiga boga."

Ijumaa alipeleka jibu: mpira wa zambarau, wa kiini laini na ganda la kawaida, wa bei ya chini kuliko yote. Katibu aliisoma karatasi mara mbili, akauliza ushahidi wa ulaini uko wapi, maana kwenye kura ndio ulioshika mkia. Mama Vipira akamwambia uko kwenye mikono ya watu. Katibu hakuelewa, lakini alitia saini.

Wiki tatu baadaye, kati ya maboksi themanini yaliyopangwa kabatini, tisa yameuzwa. Bado thelathini na moja ili kaunta ibaki yake. Vikapu vinne vimekuwa kimoja, na kwenye kioo kuna karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene: NAMBA HAIPIMI UGUMU. Hata hivyo, akiwa anaosha, mkono wake bado huziweka nne kando. Anasema mkono hausomi karatasi.

Anatumaini kufika arobaini kabla ya miezi mitatu kwisha. Ana mpango mwingine pia: kujifunza kupiga. Kwa miaka tisa hajawahi kupiga mpira hata mmoja, na Sista ameahidi kumfundisha kila Jumapili.

Wakati mazungumzo yakiendelea, Sista mwenyewe akatokea, akaegemea kaunta.

"Leo nipe namba moja," alisema.

Mkono wa Mama Vipira ulikwama ndani ya kikapu. Midomo ilifunguka kutaka kumwonya kwamba hiyo itamuumiza, akaimeza kauli yake, akampa. Wakatoka hadi nje. Sista akaweka mpira kwenye kijiti, akapiga, ukaenda vizuri tu. Kisha akakishika kifundo chake, akakizungusha taratibu, huku Mama Vipira akimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Vipi, mama?"

"Hakiumi." Akakizungusha tena. "Au kinauma kidogo. Sijui, mwanangu. Hebu nipe na nne nilinganishe."

Mama Vipira akarudi ndani, akakosa nne kikapuni, akafungua boksi la kumi.