Niliandika paper ya umaskini na mapinduzi, nikamweka mama yangu kwenye jedwali

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona pia.

Hili halijamkuta "rafiki yangu". Limenikuta mimi, na naliandika lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Nimekaa nalo wiki kadhaa na bado linaniwasha.

Niko chuo mwaka wa tatu, mambo ya maendeleo ya jamii. Nyumbani ni Kibingo, Kyerwa, kule Kagera. Kuna somo nililifeli mwaka jana, nikalirudia, ikabaki paper moja tu. Nikifeli na hiyo nadisko, narudi nyumbani na begi langu.

Mada: umaskini vijijini na suluhisho za kisiasa za msimamo mkali. Lekchara alituambia hataki maneno ya kubembeleza. Anataka mtu wa kung'oa mzizi, siyo wa kupogoa matawi.

Mwenzenu nikawaka. Kipindi hicho nilikuwa naongea ubepari asubuhi na tabaka mchana, hata chumbani wakaanza kuniita Kamanda.

Nikachukua fomu za maswali tulizopewa chuoni, nikapanda basi mpaka Omurushaka, pale nikadandia gari ya Kyerwa. Mwenyekiti wa kijiji akafungua daftari lake lenye jalada la bluu akanipa kaya kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa yetu. Nikaona siyo dhambi, nikaijaza mwenyewe bila hata kumuuliza mama.

Swali la saba lilisema: kaya ina akiba ya chakula ghalani ya miezi mingapi?

Kaya zote, sifuri.

Naandika sifuri, sifuri, sifuri. Kumbe nyumbani kuna njaa hivi! Nikajiona nimeikamata nchi pabaya.

(Wahaya na Wanyambo wenzangu najua mshaanza kucheka. Subirini kwanza.)

Nikakaa sebuleni siku mbili naandika. Hitimisho langu: vibanja vyote, yaani mashamba ya migomba na mibuni yanayozunguka nyumba zetu, vitaifishwe, mipaka ing'olewe, liwe shamba moja la umma, watu wale kutoka ghala la pamoja. Nikakolezea na "kwa nguvu ikibidi". Nikaisoma, nikasisimka mwenyewe.

Mwisho wa kutuma ulikuwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi mama yuko uani anamenya ndizi, mimi na laptop yangu pembeni. Akaniambia, "Soma basi na sisi tusikie. Siku ya pili hii unacheka peke yako na hiyo mashine."

Mama ameishia darasa la saba, lakini siyo mtu wa kumpiga chenga. Nikamsomea. Likafika jedwali. Kaya namba kumi na mbili: mjane, nyumba ya bati, akiba ya chakula hakuna, kundi ni maskini wa kutupwa.

Kisu kikasimama.

"Namba kumi na mbili ndiyo mimi?"

"Ni utafiti tu mama, hatutaji majina."

"Nani alikwambia sina chakula?"

"Fomu imeuliza ghala, mama. Sisi hatuna ghala."

Akanyoosha kisu kuelekea migombani. "Na ile ni nini? Tangu Jumatano umekula nini hapa? Ndizi nani anaiweka ghalani, ioze?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Nimezaliwa chini ya migomba ile. Chakula chetu kinakaa shambani kimesimama, unakata mkungu wa wiki hii, mwingine unakomaa. Kila mtoto wa Karagwe na Kyerwa analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mimi nikabeba swali la watu wa mahindi, nikatangaza njaa kwenye nyumba kumi na mbili, na nyingine kati ya hizo walinikaribisha nikala nikashiba ndipo nikaandika sifuri. Kosa hili asiyesoma hawezi kulifanya.

Mama hakuwa amemaliza.

"Endelea. Hivyo vibanja serikali ikishachukua?"

"Mipaka inatolewa. Linakuwa shamba moja."

"Na baba yako tumhamishie wapi?"

Baba amelala humohumo kibanjani, upande wa mibuni, na babu yuko karibu yake. Nilikuwa nimemfukua baba yangu kwa aya moja, tena kwa nguvu ikibidi. Nililia kidogo, sifichi.

Mama akarudi kwenye ndizi zake. Baadaye kidogo akasema, "Wewe omworo humjui." Omworo kwa Kinyambo ni maskini. "Omworo ni yule asiye na kibanja. Yustina ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Yustina namfahamu tangu nikiwa mdogo, analima mashamba ya watu, analipwa ndizi na maharage, analala kwenye kijumba cha kuazima. Hakuwemo kwenye orodha yangu kwa sababu daftari la mwenyekiti linafuata vibanja. Huna kibanja, huna mstari.

Nikamfuata kwenye shamba la watu alikokuwa anapalilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika lini?"

Fomu sikuitoa, niliiona chafu. Nikamwambia tu kuna watu wanasema ardhi ichukuliwe, igawiwe upya, wote tuwe sawa. Yeye anaonaje?

Nilitegemea afurahi. Si ndiye mwenyewe? Lile tabaka ninalolisoma limesimama mbele yangu na jembe.

"Ni vizuri waitu," akasema kwa lile neno letu la heshima. "Lakini hiyo orodha ya kugawa ataandika nani?"

Nikajiumauma. Nikasema nadhani mwenyekiti, na kamati yake.

"Basi simo."

Akaendelea kupalilia.

Nilirudi nyumbani natembea haraka kama nimechelewa kitu. Jumapili baada ya misa nikapanda boda mpaka Omurushaka kutafuta mtandao. Umeme ukakatika mara mbili steshenari, kila ukirudi nafuta zaidi. Jedwali nikalitoa. Ghala la pamoja nikalitoa. Nikaandika kwamba mapinduzi yanayoanza na daftari lilelile yatamwacha nje mtu yuleyule, kwa hiyo asiye na mstari ndiye ashike kalamu kwanza. Namna gani? Sikujua. Nikatuma hivyohivyo.

Matokeo yametoka. Nimepita chupuchupu, sijadisko. Pembeni ya hitimisho lekchara ameandika kwa wino mwekundu: "Hili siyo suluhisho, ni swali." Ni kweli kabisa.

Nikampigia mama, nimefurahi. Akanipongeza, akamshukuru Mungu, halafu akauliza, "Na Yustina?"

Nikashtuka. Yustina amenivusha mwaka, mimi sijamfanyia kitu. Nikampigia mwenyekiti, nikamwomba amwandike. Mzee ni mstaarabu, hakukataa. Akasema, "Nimwandike wapi mwanangu? Daftari halina sehemu yake."

Ndiyo maana situlii. Hasira ya Kamanda ninayo bado, ila zamani nilikuwa naimwaga juu ya vibanja vya watu. Sasa inarudi kwenye daftari moja lenye jalada la bluu, na simu nimeshampigia mzee mara tatu.

Nilichojifunza: kabla hujaamua watu wapewe nini, muulize mama yako chakula chake kiko wapi. Halafu uangalie nani hukumkuta kwenye orodha.

Uwanja ni wenu wakuu. Wenye madini ya namna ya kumwingiza mtu asiye na kibanja kwenye kitabu cha kijiji nawaomba sana. Na wa kutukana mnaruhusiwa, ila anza kwa kututajia: kijijini kwenu, nani hayumo?