Mama Pacha Apata Mlezi

Siku ya kwanza Mama Pacha alipoingia darasani, darasa zima lilisimama. Viti vilikwaruza sakafu, kofia zikavuliwa, na vijana wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu." Akageuka nyuma kumtazama huyo mwalimu. Hakukuwa na mtu. Basi akaitikia "Marahaba," maana angefanyaje, akapita taratibu mpaka kiti cha nyuma kabisa, akakaa, akatoa daftari. Vijana wakabaki wamesimama, hawajui kama wameruhusiwa kukaa.

Kufikia mchana, chuo kizima kilikuwa na habari ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelingana na mama zao.

Alikuwa msusi. Miaka mingi aliendesha saluni ndogo ya viti viwili, akasuka vichwa vya mtaa mzima na kuwasomesha mabinti zake pacha. Pacha wakamaliza shule, wakapata kazi, wakahama, nyumba ikapoa. Jioni moja mumewe, fundi friji, alimkuta anasoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi la dawa ya nywele, mpaka yale maandishi madogo ya chini.

"Mama Pacha," akasema, "wewe na hizi kemikali mna jambo lenu. Kwa nini usirudi shule?"

Alimcheka, lakini maneno yakamganda. Alama zake za sayansi za sekondari zilikuwa nzuri, hazikuwahi kutumika tu. Mwaka uliofuata chuo cha maabara kikampokea.

Masomo hayakumtisha sana. Kilichomwelemea ni heshima. Akifika kantini, vijana walimpisha kiti, kisha meza nzima ikahama. Akikaribia watu wanaopiga soga, soga zilikatika. Walipojigawa katika makundi ya kujisomea, kila kundi lilidhani mama huyu ana kundi lake. Kama kuna mtu angemdharau, angejua la kumjibu. Ana ulimi wa saluni, haukosi neno. Lakini heshima unaigombeza vipi? Akawa anakula peke yake kwenye ngazi za nyuma ya maabara. Nyumbani akiulizwa, alijibu kwamba mambo yanakwenda, akabadilisha mazungumzo.

Kisha yakaja masomo ya hadubini. Mkufunzi aliwapa kila mmoja kioo chenye damu, wachore wanachokiona. Mama Pacha alifumba jicho moja, akasogeza la pili mpaka likagusa lenzi. Akaona vitu vyeusi, virefu, vimepinda, vinachezacheza. Akachora kwa bidii, na vivuli akaviweka. Mkufunzi akauinua mchoro, akautazama sana, akasema kwa upole, "Mama, hizi ni kope zako."

Darasa halikucheka. Mabega yalitikisika, midomo ikang'atwa, mmoja akajifanya anakohoa, lakini hakuna aliyecheka. Hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa mwenzao, wangemcheka mpaka wakae chini.

Mchana huo akaenda kwenye ngazi zake akiwa ameshaamua: atarudisha vitabu maktaba, na saluni itafunguliwa.

Sindano alimkuta hapo. Alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mwembamba, mwenye maneno ya kuchoma, ndiyo maana wakamwita hivyo. Chuo kilimpa kila mwanafunzi mgeni mlezi kutoka mwaka wa tatu, na Mama Pacha alikuwa amemkwepa wa kwake tangu muhula uanze, akiona ni mambo ya watoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Tumemaliza adabu," akasema Sindano, akajikalisha ngazi moja chini yake. "Mimi ndiye mlezi wako. Nimekutafuta mpaka soli za viatu zimeisha."

"Mlezi? Mimi nimelea wawili kwa mpigo. Wewe utanilea nini?"

"Nitaanzia kwenye kope."

Mama Pacha akainamisha uso. "Kumbe habari zimefika na kwenu."

"Zimefika mpaka jikoni. Sasa sikiliza. Mwaka wangu wa kwanza nilichora kiputo cha hewa. Nikaeleza kinavyozaliana, ukurasa mzima. Wakaniita Mama Kiputo muhula wote. Wewe hawajakupa hata jina la utani, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi."

Mama Pacha akacheka, kwanza kwa puani, halafu kwa tumbo zima, mpaka ikabidi aweke sahani chini.

Sindano hakumuuliza habari za masomo. Alimuuliza kama analala vizuri, anakula na nani, na ni nani pale chuoni anayeweza kumwomba kalamu bila kuona haya. Kwa hilo la mwisho, Mama Pacha aliinua sahani yake akaendelea kula.

"Na kabla ya hao pacha, jioni ulikuwa unafanya nini?"

"Netiboli," akasema, kama anayekiri kosa. "Nilikuwa mlinzi wa goli."

Sindano akasimama, akajipangusa vumbi. "Twende. Tuna mlinzi anayeuogopa mpira."

Magoti yalilalamika kabla hata hajaingia uwanjani, lakini mikono ilikuwa ileile mirefu. Walianza mazoezi. Mara mbili aliruka akaukamata mpira, mara ya tatu akasimama mikono kiunoni kutafuta pumzi, na mfungaji akampita. Nahodha, msichana wa darasani kwake ambaye siku zote alimsalimia huku amepiga goti, akafoka, "Mama Pacha, umelala? Mkabe huyo!"

Kisha akajiziba mdomo.

Mama Pacha alimtazama, kifua kinapanda na kushuka. Tangu aingie chuoni hakuna aliyemgombeza. "Usinyamaze," akasema. "Nimelala kweli. Nifokee tena."

Mazoezi yalipoisha walijitupa kwenye nyasi. Mmoja akathubutu kutaja kope. Mwingine akaigiza mkufunzi alivyouinua mchoro. Wakacheka deni lote la siku ile, na yeye akacheka kuliko wote. Kesho yake, alipoingia kantini na sahani yake, sauti ikaita kutoka meza ya dirishani, "Kope, njoo huku, tumekushikia nafasi."

Jioni ile ya mazoezi alikuwa amefika nyumbani anachechemea, vumbi mpaka masikioni.

"Umepigana?" mumewe akauliza.

"Nimecheza."

Baba Pacha akaenda kutafuta dawa ya kuchua, anatabasamu peke yake kama fundi aliyesikia friji ikianza kunguruma.

Meza ile ya dirishani ndiyo iliyokuwa kundi lake la kujisomea. Sindano naye hakumwacha. Alimfundisha kufumbua macho yote mawili na kurudi nyuma kidogo, asiivamie hadubini kama anayechungulia tundu la ufunguo. Siku duara la mwanga lilipotulia na chembe nyekundu zikajitokeza, zimetapakaa kama shanga zilizomwagika, Mama Pacha alimshika mkono asimwachie mpaka akazitazama za kutosha. Alipofeli jaribio la kwanza la kemia alijifungia chooni, na Sindano akakaa nje akipiga soga na mlango mpaka ukafunguka.

Jumapili, Sindano, ambaye kwao ni mbali, akawa anashinda kwa Mama Pacha. Siku moja, wakati anasukwa, alisema bila kugeuka kwamba mtihani wa mwisho unamtia hofu mpaka anatapika asubuhi, na kwamba hajamwambia mtu, maana yeye ni mlezi.

"Nasikia. Endelea," Mama Pacha akasema, vidole havikusimama. Binti aliongea mpaka akasinzia, kichwa kikiwa gotini pa mama, nusu kimesukwa. Pacha walipopigiwa simu na kusimuliwa, walidai wamenyang'anywa nafasi yao.

Sindano alifaulu, sasa yuko maabara ya hospitali. Mama Pacha ameingia mwaka wa tatu, kemia aliirudia akafaulu, na mwaka huu kapewa wa kumlea: kijana mpole anayekula kwa haraka ili aondoke kabla watu hawajajaa. Mama Pacha bado hajajua kijana anapenda nini. Anamuuliza kidogo kidogo. Juzi kijana amemwambia kwamba kwao alikuwa anapiga ngoma, na Jumamosi timu ya netiboli ina mechi, basi ameshaambiwa akae wapi na ngoma yake. Sindano ameomba ruhusa kazini aje. Baba Pacha naye amenunua filimbi ya kushangilia, na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia kwamba mwamuzi ataichukua.